Chumba cha Marehemu Kwenye Diski

SHEMEJI: Haloo… haloo, nani mwenzangu?

KAMERA: Mimi, shemeji. Kamera.

SHEMEJI: Kamera yupi?

KAMERA: Makubwa haya. Unawajua akina Kamera wangapi? Mdogo wa marehemu mume wako. Mpiga picha za harusi.

SHEMEJI: Ah, shemeji yangu. Namba ngeni, ndiyo maana. Habari za siku nyingi?

KAMERA: Nzuri tu. Nimebadilisha laini. Wazima huko?

SHEMEJI: Wazima. Mama hajambo?

KAMERA: Hajambo. Yuko jikoni, anamalizia vyombo.

SHEMEJI: Mbona unanong'ona?

KAMERA: Na wewe mbona unanong'ona?

SHEMEJI: Nina wageni sebuleni. Nimeingia stoo, nimekaa juu ya ndoo. Sema haraka.

KAMERA: Laptop imegoma kuwaka.

SHEMEJI: Laptop ipi?

KAMERA: Kwani hapa tuna ngapi? Ile.

SHEMEJI: Imegoma vipi?

KAMERA: Kioo cheusi tii. Kile kimenyu cha kuchagua hakiji. Windows yangu haiji, upande wa kaka hauji. Maandishi tu.

SHEMEJI: Nisomee.

KAMERA: "Error, no such partition." Chini yake, "grub rescue," halafu kuna kamstari kanapepesa. Nikiandika chochote kananiambia hakakijui. Nimeandika hadi jina langu.

SHEMEJI: Jina lako litaisaidia nini? Kamera, umefanya nini?

KAMERA: Sijafanya kitu. Nimeamka nimeikuta hivi.

SHEMEJI: Mashine hailali ikaamka imepoteza patisheni, chumba kizima cha diski. Kuna mtu kaifuta.

KAMERA: (mtandao unakwaruza) …hallo?

SHEMEJI: Nakusikia. Na wewe umenisikia. Usijifanye mtandao.

KAMERA: Nimefuta chumba.

SHEMEJI: Chumba kipi?

KAMERA: Nafasi ilikuwa imejaa, shemeji. Nina video ya harusi nzima, bibi harusi ananipigia asubuhi na jioni. Nikaingia kule kwenye orodha ya patisheni, nikaona moja haina herufi, haina jina —

SHEMEJI: Chumba kipi, Kamera?

KAMERA: Cha kaka.

SHEMEJI: (ndoo inakwaruza sakafuni)

KAMERA: Shemeji?

SHEMEJI: Nipo.

KAMERA: Mimi nilidhani kikiondoka, kinaondoka peke yake. Wewe siku unahama hapa si ulifuta chako? Tulikuwa watatu humo ndani, kila mtu na chumba chake. Ukafuta chako mbele ya macho yangu, mashine haikupiga hata chafya. Sasa cha kwake kimegomesha nyumba nzima kwa nini?

SHEMEJI: Changu hakikushika mlango. Yeye ndiye aliyepanga ile mashine. Ukiiwasha, inaanzia kwake kwanza, ndipo yeye anauliza nani anaingia, wewe au yeye. Yeye ndiye bawabu. Umemfukuza bawabu na funguo zake mfukoni.

KAMERA: Kwa hiyo vitu vyangu vyote —

SHEMEJI: Vipo. Viko ndani, wewe uko nje.

KAMERA: Basi nimejifungia nje mwenyewe.

SHEMEJI: Na saa hizi ndio zile za Mama, siyo?

KAMERA: Akimaliza vyombo ataoga. Akitoka kuoga anakuja. Nimejifungia chumbani, komeo nimelitia, na kiti nimekiegemeza mlangoni.

SHEMEJI: Kiti cha nini? Unamzuia mama yako kama unazuia majambazi?

KAMERA: Shemeji, hujui. Hebu niambie nifanyeje.

SHEMEJI: Kwanza nijibu, na usinidanganye. Ulipofuta, ulipanua upande wako uchukue ile nafasi?

KAMERA: Nilitaka. Nikakumbuka wewe ulikuwa unasema ukigusa diski, zima kwanza uwashe. Nikazima. Kuwasha ndiyo nikakutana na huu msiba.

SHEMEJI: Alhamdulillahi. Angalau somo moja lilikuingia.

KAMERA: Lakini si kimeshafutika? Maji yakimwagika hayazoleki.

SHEMEJI: Kwenye diski yanazoleka, mradi usiyakanyage. Umefuta kibao cha mlangoni tu. Vitu viko pale pale mpaka mwingine aandike juu yake. Ile flashi yangu nyekundu niliyokuachia unayo?

KAMERA: Iko kwenye begi la kamera. Ngoja. (vitu vinagongana) Ngoja, betri, kitambaa cha lenzi… Ninayo.

SHEMEJI: Ichomeke. Zima kwa kushikilia kitufe mpaka ife kabisa. Ukiwasha tu, bonyeza F12, bonyeza mfululizo, usiwe na haya.

KAMERA: Nimezima. Nawasha. (kibodi inagongwa) Imeleta orodha ndogo.

SHEMEJI: Chagua flashi. Kuna mfumo mzima humo, utawaka bila kugusa diski yako.

KAMERA: Inazunguka… inazunguka tu… Ngoja, nimeitwa.

SHEMEJI: Na nani?

KAMERA: (kwa mbali) Naam, Mama? … Ndiyo, ipo. … Naiwekea chaji kwanza. … Chaji, Mama. … Sawa. (karibu) Anauliza kama mashine iko tayari. Shemeji, hapa nimekalia kuti kavu.

SHEMEJI: Imewaka?

KAMERA: Imewaka. Kuna picha ya buluu na vialama vichache.

SHEMEJI: Kuna kimoja nimekiandika "Tafuta." Kifungue. Ukiulizwa diski ipi, chagua ile kubwa, siyo flashi. Halafu kila ukiulizwa, chagua la juu kabisa. Usiandike kitu. Ukiona neno linaloanza na W, liache kama moto.

KAMERA: Kubwa… la juu… la juu tena. Imeanza kuhesabu. Asilimia zinapanda kama konokono.

SHEMEJI: Ndivyo ilivyo, inapita diski nzima mstari kwa mstari. Tungoje.

KAMERA: Wageni wako hawatakasirika?

SHEMEJI: Wanakunywa chai. Dada yangu anawachekesha. Kamera, ile video ya harusi ina ukubwa gani?

KAMERA: Kubwa tu.

SHEMEJI: Una diski ya nje. Nilikuachia mwenyewe, na ilikuwa tupu. Harusi zako zote zinaingia mle na nafasi inabaki.

KAMERA: Shemeji, asilimia —

SHEMEJI: Achana na asilimia. Hukuwa na shida ya nafasi.

KAMERA: (mtandao unakwaruza)

SHEMEJI: Nimekuambia usijifanye mtandao.

KAMERA: Safari hii ni mtandao kweli.

SHEMEJI: Haya, umerudi. Sema.

KAMERA: Nimepata kazi. Siyo hizi za kungojea nani anaoa nani anaolewa. Studio, mji mwingine, wana mashine zao, wana taa zao, chumba cha kulala wananipa. Nitakuwa nakata na kuunga filamu, shemeji. Wanataka nifike kesho. Nisipotokea wanamchukua mwingine.

SHEMEJI: Hongera. Sasa kinachokuzuia ni nini?

KAMERA: Wewe unajua.

SHEMEJI: Nataka ukiseme wewe.

KAMERA: Mama hawezi kuiwasha. Nimemfundisha mpaka nimekoma. Mshale wa chini, halafu Enter, basi. Vidole vinamtetemeka. Anasema, "Nitaiharibu sauti ya mwanangu." Lazima niiwashe mimi, nifungue mimi, nikae naye hapo mpaka amalize. Kila siku ya Mungu. Siku nina harusi nalazimika kurudi mchana, naikimbiza pikipiki, namwachia bibi harusi binamu yangu ashike kamera. Umeona zile picha za watu wasio na vichwa? Ni za binamu.

SHEMEJI: (anacheka kidogo) Samahani.

KAMERA: Cheka. Mimi hapa sina mbele wala nyuma. Nikiondoka, mchana huo huo atakaa mbele ya kioo cheusi peke yake. Nikibaki, ndio nimebaki.

SHEMEJI: Si uihamishie ile sauti aliyojirekodi kaka yako kwenye simu yake? Anaijua simu.

KAMERA: Nimeshafanya. Aliisikiliza mara moja, akanirudishia simu. Akasema, "Huyu yuko mbali." Anataka aone ile skrini. Ile picha ya nyuma ya mafaili, wewe na kaka mmekaa ngazini, umevaa kofia yake. Anapangusa kioo kwa upindo wa nguo kwanza, ndipo ananiambia, haya fungua. Basi leo asubuhi nikasema, potelea mbali. Kikifutika, nitamwambia mashine imezeeka, imekufa. Atalia siku hiyo moja, kesho yake tutazungumza kama watu. Funika kombe mwanaharamu apite. Kumbe nikafunika na mkono wangu mwenyewe.

SHEMEJI: Ungeniambia.

KAMERA: Ningekuambia lini? Wewe ulihama hukugeuka nyuma. Nilikukasirikia sana, shemeji, sikufichi. Nilisema umetuachia mzigo.

SHEMEJI: Unadhani niliondoka kwa nini?

KAMERA: Ulisema kazi.

SHEMEJI: Kazi ningeipata hata hapo. Fundi wa kompyuta hakosi kazi. Nilikuwa nasimama jikoni, Kamera, mkono kwenye povu la sabuni, na kila mchana mume wangu anaongea sebuleni. Nilikuwa nasahau. Kwa nukta moja hivi nasahau, nageuka kumjibu. Halafu nakumbuka upya. Mtu mmoja utamzika mara ngapi? Ningekaa pale ningekuwa kichaa.

KAMERA: Sikujua.

SHEMEJI: Sikukwambia. Mama ni mama, ningemwambia azime? … Asilimia ngapi?

KAMERA: Imemaliza. Imeleta mistari. Mmoja una rangi ya kijani, huo ni wangu, naona jina. Chini kuna mwingine.

SHEMEJI: Simama kwenye huo wa chini, bonyeza herufi P. Itakuonyesha kilichomo bila kugusa kitu.

KAMERA: P… Shemeji.

SHEMEJI: Nini?

KAMERA: Vipo. Mafaili yake yote. Kuna folda imeandikwa "Za Mama." Kuna nyingine ina jina lako.

SHEMEJI: Usiifungue hiyo. Rudi nyuma. Sasa nisikilize vizuri, hapa ni njia panda, na mimi sitakuchagulia. Njia ya kwanza, tunakirudisha hicho chumba kama kilivyokuwa. Bawabu anarudi, menyu inarudi, wewe na yeye mnaishi kama jana. Njia ya pili, tunakiacha kimefutwa. Kwenye flashi hiyo hiyo kuna namna ya kutengeneza mlango wa Windows peke yake. Mashine inawaka, kazi zako zote zipo, ya kwake basi. Na Mama utamwambia imekufa, wala hatajua.

KAMERA: Ya pili ni ngumu?

SHEMEJI: Ni rahisi kuliko ya kwanza.

KAMERA: Wewe ungefanya ipi?

SHEMEJI: Usiniulize mimi.

KAMERA: Ulikuwa mke wake. Nimuulize nani?

SHEMEJI: Ndiyo maana nasema usiniulize. Kamera, hawa wageni wamekuja kwa ajili yangu.

KAMERA: Kwa ajili yako vipi?

SHEMEJI: Kuna mtu. Ni mtu mzuri, mpole, ana karakana ya samani. Leo kaja na wazee wake. Wamekaa hapo nje wanangoja nitoke niseme ndiyo au hapana, na mimi niko stoo juu ya ndoo, nasaidia kumrudisha mume wangu kwenye diski. Sasa wewe niambie, mimi ni wa kuulizwa?

KAMERA: Mama anajua?

SHEMEJI: Nimwambie vipi, na kila siku ananiona ngazini nimevaa kofia ya mwanawe?

KAMERA: Kwa hiyo na wewe ungependa kifutike.

SHEMEJI: Sijasema.

KAMERA: Hujasema.

SHEMEJI: (kwa mbali) Nakuja, dada, natafuta sukari. … Ile ya kwenye kopo. … Basi imeisha, natafuta nyingine. (karibu) Amua, Kamera. Stoo hii haina sukari kiasi hicho.

KAMERA: Basi tufanye ya pili. Wewe unaolewa, mimi nasafiri. Nani ataumia zaidi ya alivyoumia? Nielekeze. Nibonyeze nini?

SHEMEJI: Una hakika?

KAMERA: Nielekeze kabla sijabadili moyo.

SHEMEJI: Toka kwenye hiyo programu. Bonyeza Q mpaka ikuachie.

KAMERA: Q… bado moja… (mlango unagongwa) Ngoja. Naam, Mama?

SHEMEJI: Yuko hapo?

KAMERA: (kwa mbali) Bado kidogo. … Hapana, hakuna tatizo. … Naongea na mteja. … Nini? … Sawa, Mama. Nimesikia. Kaa tu hapo kwenye kochi. … Umependeza.

SHEMEJI: Kamera? Anasemaje?

KAMERA: Ameshaoga. Amevaa lile gauni lake la kutokea, la kola nyeupe. Amepaka mafuta, nasikia harufu hadi huku. Anasema, nisimharakishe kaka yangu, yeye atangoja.

SHEMEJI: Ee Mola.

KAMERA: Kila siku anajipamba, shemeji. Hiyo sikukuambia. Haendi popote, hana mgeni, lakini mchana anavaa kama anakwenda kupokea mtu.

SHEMEJI: Uko wapi kwenye skrini?

KAMERA: Sijatoka. Q ya mwisho sijaibonyeza. Mistari bado naiona. Siwezi. Kumfuta nikiwa peke yangu asubuhi niliweza. Sasa nasikia anahema hapo kwenye kochi, nyuma ya mlango.

SHEMEJI: Kazi je?

KAMERA: Niambie kile cha W.

SHEMEJI: Kamera —

KAMERA: Niambie tu. Naona kabisa ninachokifanya, usiniongezee.

SHEMEJI: Simama kwenye mstari wa chini. Bonyeza mshale wa kushoto mpaka herufi ya mbele iwe L, siyo D. D ni kilichofutwa.

KAMERA: L.

SHEMEJI: Enter. Sasa chagua Write, ndiyo ile W. Itakuuliza kama una hakika. Jibu Y.

KAMERA: Inaniuliza kweli.

SHEMEJI: Ni mashine, inauliza kila mtu.

KAMERA: Y. … Inasema nizime, niwashe.

SHEMEJI: Chomoa flashi, washa.

KAMERA: Nimewasha. Menyu hii hapa. Wa juu mimi, wa chini yeye. Kama hakukutokea kitu.

SHEMEJI: Basi. Nenda kamfungulie mlango. Mimi nakata.

KAMERA: Usikate kwanza. Isipofunguka ndani je? Ngoja nimwashie, ukisikia iko sawa ndio ukate.

SHEMEJI: Sitaki kusikia, Kamera.

KAMERA: (kiti kinaburutwa, komeo linafunguka; kwa mbali) Njoo, Mama. Iko tayari. … Kaa hapa. … Shikilia hapo nikuwekee mto mgongoni.

SHEMEJI: Kamera, nakata.

KAMERA: (kwa mbali) Haya, pangusa. … Nifungue? …

(Sauti nyingine, ya kijana, iliyorekodiwa, ikicheka: "Moja, mbili. Moja, mbili, tunajaribu maiki. Mama huko jikoni, unanipata? Chakula bado tu?" Na sauti ya mwanamke mzee: "Nakupata, baba. Kimeiva. Njoo.")

KAMERA: (karibu, kwa sauti ya chini) Iko sawa. Hakuna kilichopotea. … Shemeji? Bado upo?

SHEMEJI: Nipo.

KAMERA: Unalia.

SHEMEJI: Kila siku anamjibu hivyo?

KAMERA: Kila siku. Halafu anangoja.

SHEMEJI: Anangoja nini?

KAMERA: Anangoja tu. Ndipo ananiambia nirudie.

SHEMEJI: (kwa mbali) Nimesikia, dada. Nakuja. (karibu) Wananiita. Kamera, siwezi kutoka na uso huu. Nitawaambia waje siku nyingine.

KAMERA: Hapana.

SHEMEJI: Siku nyingine si mbaya, watu wanaelewa —

KAMERA: Sikiliza, dakika zangu zinaisha, simu imeshanionya mara mbili. Osha uso utoke. Kama unamtaka huyo seremala, mwambie unamtaka, leo, kabla chai haijapoa.

SHEMEJI: Na Mama?

KAMERA: Mama nitamwambia mimi. Siyo leo, lakini nitamwambia. Akinuna, atanuna na mimi, nimemzoea.

SHEMEJI: Na wewe? Wale watu wa studio —

KAMERA: Nitawapigia wamchukue mwingine.

SHEMEJI: Kamera, usifanye hivyo. Kuna namna, ngoja nifikirie, labda mtu wa jirani aje —

KAMERA: Nenda, shemeji. Angalau mmoja wetu atoke.

SHEMEJI: Shemeji yangu —

KAMERA: Anataka niirudie. Kwaheri. (kwa mbali) Naam, Mama. Narudisha mwanzo.

(Simu inakatika.)